Kutoka Mombasa hadi London, Jeddah au New York: namna ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege

Safari ya ndege ya mbali ina saa za aina tatu, na watu wengi huzichanganya. Kuna saa ambazo ndege iko hewani. Kuna saa za mlango hadi mlango, tangu unapofunga nyumba yako Kisauni au Likoni hadi unapogonga mlango wa mwenyeji wako. Halafu kuna saa zilizoandikwa kwenye tiketi, na hizo ni za miji miwili ambayo haina saa moja. Anayechanganya hizi tatu atamwambia mamake kwamba London ni mwendo wa saa sita, na mama atakaa macho akidhani mwanawe amepotelea njiani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la nane anaiweza. Chukua karatasi, kalamu, simu na tiketi, au hata bei tu ulizotumiwa na wakala kama bado hujalipa. Ni bora uifanye kabla ya kulipa, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ni tiketi gani ya bei rahisi itakayokulaza kwenye kiti cha uwanja wa ndege usiku kucha.

Hatua ya kwanza: pima umbali kwenye tufe, usiupime kwenye ramani ya ukutani

Ramani bapa hudanganya macho. Dunia ni mviringo, na njia fupi kati ya miji miwili iliyo mbali hufuata mkunjo wa dunia. Wataalamu huiita duara kuu. Kwenye ramani ya ukutani, mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York hupita Afrika ya Kati, ukakatiza Afrika Magharibi na kuingia Atlantiki. Sasa tafuta tufe, hata lile dogo la plastiki la watoto wa shule. Bana ncha ya uzi kwa kidole juu ya Kenya, uvute hadi New York na uukaze. Uzi utapanda wenyewe kuelekea kaskazini-magharibi na kulala juu ya jangwa la Sahara. Huo ndio ufupi wa kweli. Ukiusukuma urudi chini ili ufanane na mstari wa ramani, utaona unalegea na kudai urefu zaidi.

Kwenye simu, programu za ramani kama Google Maps na Google Earth zina kifaa cha kupima umbali. Bonyeza na ushikilie pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, chagua kupima umbali, kisha sogeza alama hadi mji unaokwenda. Utapata kilomita papo hapo, tena zilizohesabiwa kwa mkunjo wa dunia.

Anayependa kujihakikishia mwenyewe atumie kikokotoo cha simu. Uwanja wa Moi uko kwenye latitudo -4.03 (alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta) na longitudo 39.59. Heathrow, London, iko kwenye 51.47 na -0.45. Tofauti ya longitudo ni 40.04. Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili, utapata -0.0550. Kisha zidisha cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili na cos ya ile tofauti ya longitudo, utapata 0.4757. Jumlisha majibu hayo mawili: 0.4207. Tafuta kinyume cha cos (kitufe kilichoandikwa cos⁻¹), upate digrii 65.12. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni takriban kilomita 111.2, kwa hiyo kutoka Mombasa hadi London ni kama kilomita 7,240. Angalia tu kikokotoo kiwe kimewekwa kwenye digrii, kwa maana kikiwa kwenye radiani utapata jibu la ajabu.

Jeddah ndiyo rahisi kuliko zote, na mahujaji wetu wanastahili kulijua hili. Iko karibu kabisa kwenye longitudo yetu, 39.16, yaani ni kaskazini moja kwa moja. Huhitaji sin wala cos. Toa latitudo: 21.68 kaskazini na 4.03 kusini ni digrii 25.71. Zidisha kwa 111.2, utapata karibu kilomita 2,860. Na kwa kuwa tuko mstari mmoja nao, hata saa zetu ni sawa na za Saudia mwaka mzima.

Tahadhari moja ndogo. Ukisoma umbali mahali, tazama kama ni kilomita, maili za kawaida au maili za baharini. Maili ya kawaida ni kilomita 1.609, na ya baharini, wanayoitumia marubani na manahodha, ni kilomita 1.852.

Hatua ya pili: geuza kilomita ziwe saa

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu huenda mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini hutambaa kwanza kwenye njia yake ardhini, ikapanda polepole, na mwishoni ikashuka polepole vilevile. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Ijaribu uone. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 420 hivi. Ukigawa kwa 850 ni nusu saa, ukiongeza nusu nyingine ni saa moja, na ndivyo tiketi zinavyosema. Jeddah, kilomita 2,860, ni chini kidogo ya saa nne. Nairobi hadi London, kilomita 6,840, ni saa nane na nusu hivi, na ndege nyingi hutumia kati ya hapo na saa tisa.

Kwa nini zizidi? Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kaskazini na kusini mwa tropiki, kuna mikondo ya upepo mkali inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Anayeelekea mashariki husukumwa, na anayeelekea magharibi hupingwa. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mwezi Oktoba 2018, safari ilichukua kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi. Njia ni ileile ya kilomita 11,840, na tofauti imeletwa na upepo. Mvuvi wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa habari hii. Kaskazi na kusi zimemfundisha.

Ya pili ni anga zilizofungwa. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, ndege za abiria zinazokwenda Ulaya kutoka kwetu huizunguka nchi hiyo, ambayo ilikuwa katikati ya njia. Kwa hiyo umbali wa duara kuu uchukulie kuwa ndio wa chini kabisa. Ndege itakwenda huo au zaidi, haitakwenda pungufu.

Hatua ya tatu: hesabu njia utakayopita kweli

Kwa safari nyingi za mbali, msafiri wa Mombasa huunganisha ndege mahali fulani. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mombasa hadi Nairobi kilomita 422, na Nairobi hadi London 6,841, jumla 7,263. Ukilinganisha na mstari wa moja kwa moja wa 7,240, umezidi kwa kilomita ishirini na kitu tu. Nairobi iko njiani! Addis Ababa nayo haina hasara: Mombasa hadi Addis ni 1,450 hivi, Addis hadi London 5,920, jumla kama 7,370. Ukipitia Doha mambo hubadilika, kwa sababu unakwenda 3,510 hadi Ghuba kisha 5,240 hadi London, na jumla inakuwa 8,750. Hizo ni kilomita 1,500 za ziada, karibu saa moja na robo tatu hewani.

Lakini saa moja na robo tatu si kitu ukiilinganisha na muda wa kusubiri. Ndege ya kupitia Doha yenye kusubiri saa mbili itakufikisha mapema kuliko ya kupitia Nairobi yenye kusubiri saa saba. Ndiyo maana nasisitiza uandike safu mbili kwenye karatasi yako, moja ya saa za hewani na nyingine ya saa za kusubiri. Kilomita ni nzuri kujua, ila kinachomchosha mtu ni ile safu ya pili.

Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou nao wana hesabu yao. Mombasa iko karibu na Guangzhou kuliko Nairobi ilivyo: takriban kilomita 8,540 dhidi ya 8,680. Hata hivyo, anayeunganisha Nairobi lazima kwanza arudi nyuma kuelekea magharibi, apite juu ya Voi na Mtito Andei, ndipo ageuze kurudi mashariki. Jumla inafika 9,100.

Kuhusu muda wa kuunganisha Nairobi, msimamo wangu ni mkali. Chini ya saa mbili usikubali, hata kama mfumo unakuuzia. Utashuka kwenye jengo la safari za ndani, uhame hadi la kimataifa, upite ukaguzi na uhamiaji. Saa tatu ni salama. Na kama umenunua tiketi mbili zisizohusiana, moja ya Mombasa–Nairobi na nyingine ya kwenda ng'ambo, ongeza zaidi, kwa sababu utachukua mzigo wako na kuupeleka upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukungoja. Katika hali hiyo wengine huona heri treni ya SGR kutoka Miritini mchana wake, inayochukua kama saa tano hadi sita na kukushusha Syokimau, si mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta.

Hatua ya nne: lete kila kitu kwenye saa za Mombasa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama huna muda wa kusoma yote, soma hii.

Kila saa iliyo kwenye tiketi ni saa ya mji ule ndege ilipo wakati huo. Ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, ya kufika ni ya mji wa kufikia. Huwezi kutoa moja kwa nyingine mpaka uziweke kwenye saa ya mji mmoja. Mimi huchagua Mombasa, kwa sababu ndiyo inayosomwa na waliobaki nyumbani.

Kenya iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, na haibadilishi saa zake. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hubadilisha. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo wakati wa baridi sisi tuko mbele yao kwa saa 3, na wakati wa joto kwa saa 2. New York husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tuko mbele yao kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa 5 daima. Dubai wako mbele kwa saa 1 daima.

Sasa chukua tiketi ya mfano, ya mwezi Januari:

Kuondoka Mombasa 19:00, kufika Nairobi 20:00.
Kuondoka Nairobi 23:30, kufika London 05:30 siku ya pili.

Ukitazama mstari wa pili kwa haraka utasema ni saa sita. Sivyo. Hiyo 05:30 ni ya London. Ongeza 3, inakuwa 08:30 ya Mombasa. Kutoka 23:30 hadi 08:30 ni saa tisa, na kanuni yetu ya kilomita ilikwisha kutuambia ni kati ya nane na nusu na tisa. Hesabu mbili zikikubaliana hivyo, ujue hukukosea. Jumla ya safari: kutoka 19:00 hadi 08:30 ni saa 13 na nusu. Hewani saa 10, kusubiri Nairobi saa 3 na nusu.

Safari hiyohiyo ukiipanda Julai, tiketi itaandika kufika 06:30. Ndege haijachelewa. London ndiyo iliyosogeza mishale.

Ya New York hushangaza zaidi. Ukiondoka Nairobi 23:50 mwezi Januari na kufika 06:50 asubuhi yake, mishale inasema saa saba. Ongeza 8 kwenye 06:50, unapata 14:50, alasiri ya Mombasa. Ni saa 15 kamili kwenye kiti kimoja.

Hatua ya tano: hakikisha usiku ni wa siku ipi

Tiketi hutumia saa 24, na sisi tunahesabu saa zetu kuanzia macheo na machweo. Kuzigeuza si kazi: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 hadi usiku wa manane toa 18, baada ya usiku wa manane hadi 06:59 ongeza 6. Hivyo 14:00 ni saa nane mchana, 23:30 ni saa tano na nusu usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Tatizo halisi liko kwenye tarehe. Chukua tiketi iliyoandikwa Jumamosi 00:45. Kwa saa zetu ni saa saba kasorobo usiku. Lakini ni usiku gani? Tarehe ya tiketi hubadilika usiku wa manane. Kwa hiyo ni ule usiku unaofuata Ijumaa mchana. Umeswali Ijumaa, ukala chakula cha jioni, ukaswali Isha, na unaelekea uwanjani. Anayeondoka nyumbani Jumamosi usiku ameikosa ndege kwa karibu siku nzima, na pesa zake hazirudi.

Pwani kuna jambo jingine tena. Wazee wetu huhesabu kwamba siku inaanza jua linapokuchwa, kwa hiyo bibi akisema "usiku wa Jumamosi" huenda anakusudia usiku huohuo wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kijana aliyelelewa na saa ya simu, akiyasikia maneno yale yale, atafikiria Jumamosi baada ya machweo. Wote wawili wako nyumba moja, na mmoja wao ndiye dereva. Usimtajie mtu usiku peke yake. Sema: "Ijumaa, baada ya Isha, tunatoka." Hapo hakuna atakayekosea.

Hatua ya sita: ongeza mwendo wa nyumbani na wa kule uendako

Kwa safari ya ng'ambo, fika uwanjani saa tatu kabla. Kisha hesabu barabara. Anayetoka Nyali, Bamburi au Mtwapa atavuka daraja la Nyali, aingie kisiwani, apite Makupa na kupanda Changamwe hadi Port Reitz, pamoja na malori yote ya bandarini. Jioni ya siku ya kazi mpe saa moja na nusu, Mtwapa mbili. Anayetoka Likoni au Ukunda alikuwa mtumwa wa feri, ila sasa barabara ya Dongo Kundu inamfikisha upande wa uwanja wa ndege bila kuingia kisiwani, nami namshauri aitumie hata kama ramani itamwonyesha kwamba feri ni fupi. Kilomita za feri ni chache. Foleni yake haipimiki.

Upande wa pili ongeza saa moja na nusu hadi mbili za foleni ya pasipoti na mzigo, kisha treni au gari la kule. Ule mfano wetu wa saa 13 na nusu sasa unakaribia saa 20 za mlango hadi mlango. Hiyo ndiyo namba ya kumpa mtu anayekuuliza London ni mwendo gani.

Anayekunywa dawa kwa saa maalumu, hasa za kisukari au presha, azihesabu kwa saa za Mombasa njia nzima na amwone daktari wake kabla ya kusafiri, amwonyeshe ile karatasi. Na anayesafiri Ramadhani kwa ndege ya mchana inayoelekea magharibi ajue kwamba atakuwa analifuata jua, na mchana wake utarefuka kwa saa kadhaa. Ruhusa ya musafiri ipo kwa ajili yake.

Ukimaliza, andika ujumbe wa kuwatumia nyumbani kabla ya kuondoka, wenye saa za Mombasa kwanza na za kule baadaye. Kwa tiketi yetu ya mfano ungekuwa hivi:

"Mama, shikamoo. Ndege yangu inaondoka Mombasa Ijumaa saa moja usiku. Nairobi nitasubiri, na ya London inaondoka saa tano na nusu usiku huohuo. Itatua Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za hapo nyumbani. Kule itakuwa bado alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Nitakuwa kwenye foleni ya pasipoti, kwa hiyo simu yangu itarajie kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Ikifika saa sita mchana sijapiga, mpigie mjomba, atakuwa ananingoja nje."